Machimbo ya Kwale yageuzwe msitu wa wenyeji

Mwishoni mwa Desemba 2024, mitambo ya kampuni ya Base Titanium katika Kaunti ya Kwale ilinyamaza. Kwa miaka 11 hivi, tangu mwisho wa 2013, matingatinga na mabomba ya maji yalikuwa yakibomoa vilima vya mchanga vya eneo la Msambweni ili kutoa madini ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni, ambayo yalisafirishwa kupitia Likoni hadi ng'ambo. Ulikuwa mgodi mkubwa kuliko yote nchini Kenya. Madini yamekwisha, na kilichobaki ni ardhi iliyogeuzwa chini juu, bwawa la Mukurumudzi, na swali ambalo wakazi hawaachi kuliuliza: ardhi hii ifanyiwe nini, na kwa faida ya nani?

Si swali dogo. Kuna familia zilizohamishwa kutoka Nguluku na Maumba kupisha mgodi. Kuna vijana waliozoea mshahara wa mwisho wa mwezi ambao sasa wanarudi katika ukulima wa kutegemea mvua. Na kuna watu wenye pesa, wa humu nchini na wa nje, wanaojua thamani ya ekari zilizo karibu na barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga na fukwe za Diani. Mahali palipo na ardhi isiyo na mwenyewe anayejulikana, hapakosi mwenye haraka.

Maoni yetu ni kwamba sehemu kubwa ya machimbo hayo ipandwe miti, na msitu utakaotokea uandikishwe kwa jina la jamii inayoishi hapo. Usiwe wa kampuni, wala wa idara, wala wa kamati itakayoteuliwa leo na kusahauliwa kesho. Tunasema hivi kwa sababu za kiuchumi kabla ya zile za mazingira, na tutaeleza.

Kwanza tuuangalie udongo wenyewe. Madini mazito yanapochekechwa kutoka mchangani, kinachorudishwa shimoni ni mchanga mtupu na tope laini. Ile mboji iliyojengwa na majani na mizizi kwa karne nyingi huwa imevurugika. Mchanga wa aina hiyo haushiki maji wala mbolea. Mkulima anayepanda mahindi hapo bila matayarisho hutia mbolea, mvua ikanyesha, na mbolea ikazama chini kabla mizizi haijaifikia. Atavuna gunia moja alipotarajia matano, kisha atalaumiwa kuwa mvivu. Ardhi kama hii inahitaji kwanza mmea utakaolisha udongo, ndipo baadaye udongo nao umlishe mtu. Kazi hiyo hakuna anayeiweza kwa bei nafuu kuliko mti.

Jambo hili si nadharia ya darasani. Ushahidi uko kaskazini kidogo, ng'ambo ya kivuko, pale Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza kuzalisha mwaka 1954, na kila mwaka kilikuwa kikichimba mawe ya matumbawe ya kale hadi karibu na maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi. Kufikia 1971 palikuwa na jangwa jeupe la mawe, bila udongo na bila kivuli. Mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, Dkt Rene Haller, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo, ndiye aliyeanza kujaribu kupanda miti shimoni humo. Alijaribu aina 26. Baada ya miezi michache zilibaki 3 tu: mnazi, damas ambao asili yake ni pembe ya Afrika, na mvinje.

Mvinje ndio uliobeba mzigo. Ni mti unaovumilia chumvi, na mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hujitengenezea sehemu ya mbolea yake. Lakini palikuwa na tatizo: majani yake membamba yalianguka na kurundikana bila kuoza. Suluhisho lilipatikana kwa jongoo. Haller aliona majongoo wenye miguu myekundu, wale ambao kila mtoto wa Pwani anawajua, wakila majani hayo. Akaagiza wakusanywe kwa mamia na kuachiliwa msituni. Majongoo wakala, wakanya, na mboji ikaanza kujengeka. Baada ya hapo ndipo miti mingine ya asili ilipopandwa katikati ya mivinje, ndege wakaja na mbegu zao, na mabwawa ya samaki yakachimbwa. Mwaka 1984 sehemu ya machimbo hayo ilifunguliwa kwa wageni. Leo inaitwa Haller Park, na dunia nzima iliifahamu baada ya tsunami ya Desemba 2004 kupitia urafiki wa Owen, mtoto wa kiboko, na kobe mkongwe aliyeitwa Mzee.

Somo la Bamburi kwa mwanauchumi ni rahisi. Kama msitu uliweza kuota juu ya mwamba wa chumvi, hakuna sababu ya msitu kushindwa kuota juu ya mchanga wa Kwale, mahali ambapo mvua ni nzuri zaidi na bwawa lipo. Utaalamu wa kupanda tunao. Miche ya miti ya asili imekuwa ikioteshwa katika kitalu cha mgodi wenyewe, na wenyeji waliofunzwa kazi hiyo wapo.

Hata hivyo, Bamburi ina upande wa pili ambao haupaswi kufichwa. Ule ni msitu wa kampuni. Uamuzi wa kuupanda ulikuwa wa kampuni, mapato ya kiingilio huingia katika hesabu zake, na hatima yake iko mikononi mwa mwenye hisa. Desemba 2024, wakati uleule mgodi wa Kwale ulipokuwa ukifungwa, Bamburi Cement ilinunuliwa na Amsons Group ya Tanzania. Hatusemi kwamba mwenye mali mpya ana nia mbaya na msitu ule. Tunasema tu kwamba mkazi wa Kisauni au Utange hakuulizwa, wala hakuwa na haki ya kuulizwa. Msitu wa kampuni hudumu maadamu kampuni inaona faida kuwa nao. Msitu wa jamii hudumu kwa sababu jirani zake wanautegemea kwa kuni, asali, fito na ada ya shule. Hiyo ni dhamana iliyo imara zaidi, ikiwa itaandikwa vizuri.

Wenzetu wa Uingereza walipitia njia hii. Katikati ya nchi yao, katika majimbo ya Leicestershire, Derbyshire na Staffordshire, palikuwa na migodi ya makaa ya mawe na mashimo ya udongo wa kufinyangia. Migodi ilipofungwa, walibaki na mashimo, ukosefu wa kazi na miji iliyopoteza matumaini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliamua eneo la kilomita za mraba 520 hivi ligeuzwe Msitu wa Kitaifa, na mwaka 1995 likaundwa shirika la kuusimamia. Wakati huo miti ilifunika takriban asilimia 6 ya eneo hilo. Leo imepita asilimia 20, na miti zaidi ya milioni 9 imepandwa. Pale Moira, mahali palipokuwa na mgodi wa makaa, sasa kuna kituo cha wageni ambacho watoto wa shule hupelekwa kujifunza kuhusu misitu.

Kilichotuvutia zaidi katika mradi huo ni namna pesa zilivyotolewa. Shirika halikunyang'anya wakulima mashamba. Lilitangaza zabuni: kila mwenye ardhi aseme yeye mwenyewe anataka alipwe kiasi gani ili ageuze sehemu ya shamba lake kuwa msitu, na aeleze umma utapata nini, kama vile njia za kutembea au makazi ya ndege. Maombi yaliyotoa manufaa makubwa kwa gharama ndogo ndiyo yaliyokubaliwa. Kwa njia hiyo mkulima alijitolea badala ya kusukumwa, na serikali nayo haikulipa zaidi ya iliyohitaji. Kwale inaweza kuiga utaratibu huo kwa mashamba yanayopakana na machimbo, ili msitu usiishie kwenye mpaka wa mgodi.

Lakini hatuna haja ya kwenda Uingereza kutafuta jamii inayojua kutunza miti. Mijikenda walikuwa na kaya zao kabla ya idara yoyote ya misitu kuzaliwa. Kaya hizo zilisimamiwa na wazee kwa miiko iliyojulikana na kila mtu: mti gani haukatwi, njia gani haipitwi, na anayekosa hulipa nini. Mwaka 2008 UNESCO ilitambua kaya za Mijikenda kuwa urathi wa dunia, na Kaya Kinondo ya hapo Kwale ni miongoni mwazo. Tena hapo Gazi, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hektari 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja. Tangu 2013 wamekuwa wakiuza haki za kaboni za tani 3,000 hivi kwa mwaka, na mapato yameingia katika maji, vitabu vya shule na mahitaji mengine ambayo wanakijiji wenyewe huyachagua. Mwaka 2017 walipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Kwa hiyo anayesema kwamba wenyeji hawawezi kusimamia msitu na pesa zake, aende Gazi kwanza ndipo arudi kusema.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana msitu usiolipa haulindwi. Adui mkubwa wa upanzi wa miti katika jamii maskini si ujinga. Ni muda. Shilingi 100 utakazolipwa baada ya miaka 10, ikiwa riba ni asilimia 12 kwa mwaka, ni sawa na shilingi 32 tu mkononi leo. Mama anayedaiwa karo mwezi ujao hawezi kungojea mbambakofi ukomae. Anayemwambia angoje bila kumpa cha kushika sasa anamtaka aukate usiku.

Ndiyo maana tunapendekeza msitu wa Kwale upangwe kwa tabaka tatu za mapato. La kwanza ni mvinje, ambao wakulima wa Kwale na Kilifi tayari wanaupanda kama zao la biashara kwa ajili ya fito na nguzo za ujenzi. Ukipanda kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, ekari moja huchukua miche 1,000 hivi. Tuseme jamii imetenga ekari 100 kwa kazi hiyo na kuzigawa vipande 5 vya ekari 20, kila mwaka kipande kimoja. Kuanzia mwaka wa 6 itakuwa ikivuna kipande kimoja na kupanda kingine bila kukatiza. Hata robo ya miche ikifa au kuibwa, bado kuna miti 15,000 ya kuuza kila mwaka, milele, ilimradi inayokatwa irudishiwe. Na lazima irudishiwe kwa miche mipya, kwa sababu mvinje ukikatwa hauchipui vizuri kutoka kwenye kisiki.

Tabaka la pili ni la miti ya matunda na mazao kama mikorosho na miembe, ikipandwa mahali ambapo mchanga umeanza kushika rutuba, pamoja na mizinga ya nyuki. Hapa katikati ya mistari, miaka ya mwanzo, kunde na pojo zinaweza kupandwa ili familia ipate mboga na udongo upate naitrojeni. Tabaka la tatu ni la miti ya asili, ambayo haitakatwa: hasa kandokando ya Mto Mukurumudzi na kuzunguka bwawa, ili tope lisijaze maji. Hilo ndilo la watoto na wajukuu, na ndilo linaloweza kuuzwa kama kaboni.

Kuhusu kaboni tunatoa tahadhari. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka ya miradi ya ardhini, baada ya gharama kuondolewa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuchungwa. Anayeshika kalamu ya gharama ndiye anayeamua asilimia 40 ni ya nini. Jamii isitie sahihi mkataba wowote wa kaboni kabla haijakubaliwa kuona vitabu vya hesabu, na kabla haijapata wakili wake mwenyewe.

Tunajua kuna hoja nzito dhidi ya pendekezo letu. Wapo wanaosema: tulihamishwa tukiwa wakulima, turudishieni mashamba, hatukuomba msitu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na mwandishi wa makala haya, aliyelelewa katika shamba la ekari mbili, hawezi kuicheka. Jibu letu ni kwamba msitu usiwe kisingizio cha kuwanyima watu haki yao. Sehemu zenye udongo unaofaa, hasa zile ambazo hazikuchimbwa, zipimwe na kugawiwa waliohamishwa kwanza. Zile zilizochimbwa ziwe msitu, na hao hao waliohamishwa wawe wa kwanza katika daftari la wanachama. Kumpa mtu ekari tano za mchanga usio na mboji na kumwambia alime ni kumdhulumu mara ya pili.

Wapo pia wanaotaka kiwanda au hoteli, kwa kuwa miti haiajiri watu wengi. Ni kweli msitu hauwezi kulipa mishahara kama ya mgodi. Lakini mgodi ulilipa kwa miaka 11 ukaondoka. Kitalu, upanzi, ulinzi, uvunaji, upasuaji wa mbao na urinaji wa asali ni kazi ambazo haziondoki na meli. Na hakuna kinachozuia kiwanda kidogo cha mbao au cha korosho kujengwa pembeni, katika majengo ya mgodi yatakayobaki.

Yote haya yatategemea sheria, na hapo ndipo tunapoielekea serikali. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mchimbaji awe na mpango wa kurudisha mazingira na aweke dhamana ya fedha kwa kazi hiyo. Wakazi wana haki ya kujua dhamana hiyo ni kiasi gani, imetumika wapi, na nani atathibitisha kwamba kazi imekamilika kabla ya pesa kurudishwa. Sheria hiyo hiyo inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Pesa za jamii zilichelewa kwa miaka mingi. Tunapendekeza fungu la fedha hizo litengwe kuwa mtaji wa msitu, ili zitoe mapato hata baada ya madini kusahauliwa.

Pili, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka huo huo zinaruhusu jamii kuandikisha ardhi na msitu wake. Uandikishaji ufanywe kabla ya mche wa kwanza wa mradi kupandwa. Tumeona mara nyingi wananchi wakipanda miti katika ardhi ambayo hati yake iko kwa mtu mwingine, na miti ilipokomaa mwenye hati akajitokeza.

Tatu, haki ya kuvuna iandikwe waziwazi. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na Rais hakutangaza kuiondoa marufuku hiyo hadi Julai 2023. Nia ilikuwa kuokoa vyanzo vya maji. Lakini marufuku ya jumla haitofautishi mwizi wa mierezi na kikundi kilichopanda mivinje yake kwa jasho lake. Mkulima akijua kwamba tangazo moja kutoka Nairobi linaweza kufuta mavuno yake, hatapanda; na asipopanda, lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032 litabaki kuwa hotuba.

Kwa wenyeji wenyewe tuna neno. Msitu wa jamii huuawa na watu wa ndani mara nyingi kuliko watu wa nje. Mwenyekiti anayeuza nguzo bila risiti na kamati isiyoitisha mkutano kwa miaka miwili hufanya madhara ambayo hakuna tingatinga linaloweza kuyafanya. Hesabu zisomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu, barazani, kwa Kiswahili na Kidigo, na nguzo ziuzwe kwa mnada badala ya dalali kupita shambani akitaja bei anayoitaka. Akina mama, ambao ndio wanaotafuta kuni na maji, wawe na nusu ya viti katika kamati, wala wasiwekwe hapo kwa ajili ya kupika chai.

Kampuni iliyochimba, wizara inayohusika na madini, Serikali ya Kaunti ya Kwale na wakazi wana nafasi ambayo haiji mara mbili. Ardhi bado iko wazi, kumbukumbu za nani alihamishwa kutoka wapi bado zipo, na wafanyakazi wa kitalu bado hawajatawanyika wote. Kila msimu wa mvua unaopita bila uamuzi, mchanga unasombwa kuelekea mtoni na madalali wa ardhi wanazidi kupiga hema. Samaki mkunje angali mbichi.